Treni ya juu isiyo na dereva: yanayosemwa Kisumu na yaliyo kweli

Kila video ya treni za LRT (reli nyepesi ya mjini) za Kuala Lumpur, Malaysia, inapozunguka WhatsApp, sisi watu wa Kisumu hugawanyika. Wapo wanaotaka ijengwe kesho asubuhi kutoka Ahero hadi Maseno, ipite juu ya msongamano wote. Wapo wanaoapa kwamba hawatakanyaga chombo kisicho na dereva hata walipwe. Halafu lazima atokee mmoja wa kutukumbusha kwamba mwaka 1963 Kenya na Malaysia zilikuwa sawa kiuchumi, na hapo mjadala unageuka siasa.

Reli inayoonekana kwenye nyingi ya video hizo ni ile ya Kelana Jaya. Ilifunguliwa 1998, ina stesheni 37 na urefu wa kilomita 46 hivi, sehemu kubwa ikiwa juu ya nguzo. Inaunganisha Kuala Lumpur na Petaling Jaya, mji wa pembeni ambao wakazi wake wengi hushinda kazini jijini, na tangu 2016 inafika hadi Putra Heights. Imetumika muda wa kutosha kwa mazuri na mabaya yake kujulikana, kwa hiyo nitaishikilia hiyo zaidi.

"Kompyuta inaona njia kuliko dereva"

Haioni. Hapa ndipo wanaoisifu na wanaoiogopa wanapokosea pamoja. Mfumo unaoendesha treni hizi unajua treni iko wapi, inakwenda kasi gani, na iliyo mbele yake iko umbali gani. Mawasiliano yakikatika, treni inafunga breki yenyewe. Lakini ng'ombe akisimama katikati ya reli, mfumo huo hauna habari naye.

Ndiyo sababu ya nguzo. Watu hudhani reli iliinuliwa ili kukwepa foleni ya magari, na ni kweli inasaidia, lakini treni isiyo na dereva inahitaji njia ambayo hakuna kiumbe mwingine anayeweza kuingia. Ama uipitishe juu, ama uichimbie chini ya ardhi, ama uizungushie ua usiopenyeka na usiache kivuko hata kimoja. Kazi ya macho ya dereva imefanywa na zege.

Sasa fikiria reli yetu ya zamani, hii iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kutoka Muhoroni kuja Miwani na Kibos watu wanaivuka kwenda shambani, mbuzi wanalisha kando yake, watoto wanaifuata kama njia ya kwenda shule. Dereva wa gari moshi anapiga honi toka mbali na watu wanajitoa. Mtu akikuambia tutachukua reli hiyo hiyo, tuweke kompyuta, tupate LRT ya bei nafuu, muulize vivuko vyote hivyo vitafungwaje na watu watapita wapi. Ukimwondoa dereva pale bila kufanya hivyo, utaua mtu kabla ya saa nne asubuhi.

Hata juu ya nguzo hatari haiishi, kwa sababu abiria wenyewe wanaweza kuanguka relini. Kwenye reli ya Kelana Jaya, zile stesheni tano za katikati ya jiji zilizo chini ya ardhi zina milango ya kioo kwenye ukingo wa jukwaa, inayofunguka treni ikishasimama. Vancouver, Canada, ambako treni za jamaa hiyo hiyo zilianza mwishoni mwa 1985, kuna vitambuzi kandokando ya jukwaa; kitu kikiangukia njiani, treni inayokuja husimamishwa.

"Hakuna mtu anayeisimamia"

Ukipanda behewa la mbele utakuta kioo kikubwa na watoto wanaogombania kusimama pale, maana hakuna chumba cha dereva cha kuwazuia. Lakini chini ya kioo hicho kuna kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na ndani yake ni vifaa vya kuendeshea treni kwa mkono. Siku mfumo ukigoma, mfanyakazi aliyefunzwa hupanda, hufungua na kuiendesha.

Wengine wako kwenye chumba cha udhibiti wakitazama treni zote kwa pamoja, wengine stesheni, wengine karakana usiku kucha. Kwenye treni za Docklands huko London, zilizoanza 1987, treni hujiendesha lakini mfanyakazi mmoja bado yumo ndani, na ndiye anayefunga milango. Kwa hiyo anayesema ajira zinakwisha kabisa anatia chumvi. Hata hivyo, kazi zinazobaki ni za mafundi wa umeme na mawasiliano. Kijana wa Nyalenda aliyemaliza kidato cha nne haziingii hivi hivi, na wanaopiga debe kwa ajili ya miradi kama hii huliruka jambo hilo.

"Ajali ikitokea ni kwa kukosa dereva"

Usiku wa tarehe 24 Mei 2021, treni mbili za Kelana Jaya ziligongana uso kwa uso karibu na stesheni ya KLCC, kwenye sehemu ya chini ya ardhi. Moja ilikuwa na abiria 213, wote wakaumia, baadhi vibaya sana. Hakufa mtu. Habari ilipofika huku, wengi walitikisa kichwa: si tulisema!

Lakini treni iliyokuwa na abiria ndiyo iliyokuwa ikijiendesha. Ile nyingine ilikuwa tupu, ilikuwa na hitilafu, na ilikuwa mikononi mwa dereva aliyetumwa kuiendesha. Ikaenda upande usiofaa. Baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi, mgongano huo mkubwa ulitokea mtu alipochukua usukani.

Nisieleweke vibaya, sisemi mashine ni malaika. Yokohama, Japani, Juni 2019, treni isiyo na dereva ilirudi nyuma badala ya kwenda mbele ikagonga kizuizi cha mwisho wa reli. Watu 14 waliumia, na chanzo kilikuwa waya uliokatika. Kwa Kelana Jaya yenyewe, Novemba 2022 mfumo wa udhibiti ulipata hitilafu na stesheni 16 zikafungwa kwa siku kadhaa, watu wakarudi kwenye mabasi. Matatu ikiharibika Mamboleo, unashuka, unapanda nyingine huku ukidai nauli yako. Mfumo huu ukiharibika, njia nzima imelala. Ukitaka kujua kama mradi wa namna hii ni salama, uliza mafundi watakaa wapi, vipuri vitatoka wapi na kwa mkataba gani. Dereva mwache.

"Stima ikipotea mtaning'inia huko juu"

Hofu hii ninaielewa vizuri. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukupona.

Kwanza, treni haianguki wala haitelezi kwenda mbio kusikojulikana. Breki za dharura hutengenezwa ili umeme ukikosekana zifunge, na taa na tangazo la ndani hutumia betri. Umeme wenyewe huingizwa kutoka vituo vidogo kadhaa kando ya reli, ili kimoja kikizima, kingine kisaidie. Lakini gridi nzima ikilala, mtakwama, na kuwa na dereva au kutokuwa naye hakubadilishi kitu.

Kilichotokea Vancouver tarehe 21 Julai 2014 kinafaa kusomwa na kila mwenye ndoto hii. Fundi wa umeme alikuwa akifunga swichi mpya kwenye kituo cha udhibiti, akazima swichi kuu kwa bahati mbaya. Treni zikasimama kwa saa nyingi. Abiria walichoka kungoja, wakalazimisha milango na kuanza kutembea juu ya njia. Sasa pale juu kuna reli ya ziada inayobeba umeme wa kuua, kwa hiyo watu wakishaingia njiani haiwezekani tena kuurudisha umeme hadi wote watolewe. Haraka ya abiria wachache ikawachelewesha maelfu. Na mnatujua sisi: dakika kumi bila tangazo, mtu ameshafungua dirisha.

"Na radi je?"

Swali halali kwa watu wa Kakamega na Kisii. Behewa la chuma hupitisha mkondo wa radi nje ya mwili wake kama gari lilivyo, na nguzo hutiwa waya wa kuuteremsha ardhini. Aliye ndani yuko salama kuliko aliyejikinga chini ya mwembe. Kinachoweza kudhurika ni vifaa vya mawasiliano, na hapo tunarudi kwa mafundi.

"Treni zenyewe ni fupi, zitabeba nani?"

Urefu hauna maana bila kuuliza zinapita mara ngapi. Treni ya watu 300 ikipita kila dakika tatu, ni watu 6,000 kwa saa kwa upande mmoja. Kwa matatu za abiria 14, hizo ni safari karibu 430. Kelana Jaya ilianza na mabehewa mawili mawili, na kuanzia 2009 ikaongeza treni za manne. Faida nyingine ni kwamba mechi ikiisha kwenye uwanja wa Mamboleo, chumba cha udhibiti kinaweza kuongeza treni papo hapo bila kumpigia simu dereva aliyelala.

"Itajilipa yenyewe kwa nauli"

Hili ndilo linalonikera. Kampuni binafsi iliyoijenga reli ya Kelana Jaya, PUTRA, ilikopa fedha nyingi na kufungua njia wakati Asia Kusini Mashariki ilikuwa katikati ya msukosuko wa kifedha. Abiria hawakufikia waliotarajiwa, deni likawashinda, na mwaka 2002 serikali ikaichukua. Reli inafanya kazi mpaka leo kwa sababu umma uliubeba mzigo. Honolulu, Marekani, reli ya aina hii inayoanzia Kapolei, mji wa pembeni, ilikadiriwa mwaka 2012 kugharimu dola bilioni 5.12. Gharama ikapanda hadi karibu bilioni 10, na bado njia ikafupishwa isifike Ala Moana ilikokusudiwa. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Juni 2023.

Kisha linganisha watu. Bonde la Klang, yaani Kuala Lumpur na miji yake ya pembeni, lina zaidi ya milioni 7. Sensa ya 2019 iliipa Kisumu mjini watu karibu 400,000, na Nakuru karibu 570,000. Kwa hesabu hizo mimi ningeanza na njia za mabasi zilizotengwa, na treni za asubuhi na jioni kwenye reli ya zamani, ambayo Desemba 2021 ilirudisha abiria wa Nairobi. Zikiwa na dereva wao, na honi yake.

"Itaua boda boda"

Boda wa Kondele anaweza kulala usingizi. Stesheni nyingi za Petaling Jaya ziko kando ya barabara kuu, na nyumba ziko mbali nazo. Watu hufika kwa mabasi madogo ya kulisha stesheni au huacha gari kwenye maegesho. Hapa kwetu kazi hiyo ya kutoka ngazi za stesheni hadi ndani ya Manyatta au Obunga ingekuwa ya boda na tuktuk, na pengine wangepata zaidi, kwa sababu abiria wangeshuka mia kwa mkupuo badala ya wanne wanne. Atakayeumia ni mwenye matatu anayefuata barabara ile ile chini ya nguzo, kutoka Kondele hadi stendi ya mjini, mwenye mkopo wa gari ambao haujaisha. Huyo katika mijadala yote hii ya WhatsApp hajaulizwa.