Kwa nini gari la mfano lenye vipimo sahihi bado huonekana la kuchezea?

Tuchukue gari lenye urefu wa mita 4.5, tupunguze kila kipimo chake mara 24, kisha tuliunde kwa plastiki kwa uangalifu wote. Litakuwa na urefu wa milimita 187.5, magurudumu yatakaa mahali pake na paa litainama pale linapostahili kuinama. Tulipake rangi ileile aliyoitumia fundi kwenye gari halisi, tulipige picha kwa karibu, na mtu wa kwanza atakayeiona picha hiyo atasema bila kusita kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Vipimo havina kosa. Kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba tumepunguza umbo peke yake. Rangi, mwanga, vumbi na uzito havikupungua kwa uwiano uleule, na waundaji wa magari ya mfano hutumia muda wao mwingi kupambana na hivyo vinne, si na rula.

Rangi ndiyo humsaliti muundaji kwanza. Rangi ya metaliki hung'aa kwa sababu ina chembe bapa za alumini zenye upana wa makumi ya mikroni (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ndogo kiasi kwamba mtu aliyesimama kando ya gari haoni chembe mojamoja bali mng'ao mmoja. Chembe ya mikroni 30 ikipakwa kwenye gari lililopunguzwa mara 24 inakuwa sawa na kipande cha karibu robo tatu ya milimita kwenye gari halisi, na hakuna kiwanda kinachouza gari lililonyunyiziwa vipande vya namna hiyo. Ndiyo maana rangi za metaliki zinazotengenezwa kwa ajili ya mifano husagwa laini zaidi, na ndiyo maana kopo lililobaki baada ya kurekebisha bampa ya gari la nyumbani si chaguo zuri hata kama rangi yake inalingana kabisa.

Unene nao una hesabu yake. Tabaka zote za rangi kwenye gari jipya, kuanzia praima hadi vanishi, kwa kawaida hufikia takriban mikroni 100 hadi 150. Ili kulingana na hilo, gari la mfano lingehitaji tabaka la mikroni 4 hadi 6 tu, jambo ambalo mkono wa binadamu haulimudu. Muundaji akiishia na mikroni 60, amelivika gari lake koti ambalo katika ukubwa halisi lingekuwa na unene wa milimita moja na nusu hivi. Koti hilo hujaza mistari ya milango, hufuta ncha za nembo na kulainisha kila kona. Kwa hiyo, kabla ya kupaka chochote, mafundi wazoefu huchimba upya mistari ya milango na boneti kwa ncha ya kisu au sindano ngumu, wakijua kwamba rangi itakuja kuifukia nusu. Baada ya hapo vanishi husuguliwa kwa msasa laini wenye maji na kung'arishwa, maana mawimbi madogo yanayofanana na ganda la chungwa, ambayo kwenye gari halisi hayamkeri mtu, hapa huonekana kama mabonde.

Bodi yenyewe ina tatizo la aina hiyohiyo. Bati la gari halisi halifiki hata milimita moja, ilhali ukuta wa plastiki kwenye seti ya kuunganisha una unene wa milimita moja au zaidi, yaani zaidi ya sentimita mbili katika ukubwa wa kweli. Ukitazama ukingo wa tao la gurudumu, unaona ukuta wa ngome badala ya bati. Hakuna sababu ya kuuparua ukuta wote. Muundaji hupunguza kwa kisu upande wa ndani wa kingo zinazoonekana, na jicho hudhani kwamba bodi nzima ni nyembamba vivyo hivyo. Ni udanganyifu, lakini wa haki, kwa sababu gari zima lilikuwa linadanganya kinyume chake.

Pengo kati ya mlango na bodi huleta suala la mwanga. Kwenye gari halisi pengo la milimita 4 ni mlango wa shimo lenye kina: mwanga huingia, ukapotea humo, nasi tukaona mstari wa giza. Kwenye mfano pengo hilo ni mfereji usio na kina, na mwanga hufika chini ukarudi. Giza lisilokuwapo lazima lipakwe, na kazi hiyo hufanywa kwa rangi nyepesi kama maji inayotiririka yenyewe ndani ya mfereji. Wengi huharibu hapa kwa kutumia nyeusi tupu. Gari jeupe linahitaji kijivu, na jekundu linahitaji kahawia iliyokolea, la sivyo mlango utaonekana umechorwa kwa kalamu. Tairi pia halipaswi kuwa jeusi tupu. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya hewa iliyo kati ya mtazamaji na gari, lakini kutazama mfano kutoka sentimita 30 ni sawa na kutazama gari halisi kutoka mita 7.2, umbali ambao hewa safi haiwezi kufifisha chochote. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba tairi lililokwisha kutembea barabarani ni la kijivu tangu mwanzo.

Uzito ndio unaosahauliwa zaidi, hasa na wanaounda malori. Kipimo kikipungua mara 24, ujazo hupungua mara 13,824, ilhali eneo la mpira linalobeba mzigo hupungua mara 576 tu. Hivyo kila sehemu ya tairi hubeba moja ya ishirini na nne ya mgandamizo wake wa kawaida. Gari la kilo 1,400 linageuka kuwa la gramu 101, ambazo haziwezi kukandamiza springi wala kulifanya tairi litanuke kidogo pale linapogusa barabara. Lori la mfano lenye trela lililosheheni magogo husimama kwa ncha za vidole kana kwamba magogo ni ya pamba. Dawa yake ni kusugua sehemu ya chini ya kila tairi mpaka iwe bapa kidogo na kushusha ekseli kwa milimita moja au mbili. Na lori hilo likitakiwa kuwa na vumbi, udongo wa nje haufai, kwani punje ya mchanga ya robo milimita ni kokoto ya milimita 6. Hutumika poda ya rangi au chaki iliyosagwa sana.

Cha ajabu ni kwamba jicho linalokasirishwa na vitu hivi halijali makosa makubwa zaidi ya ukubwa. Seti nyingi za Marekani hufuata kipimo cha 1:25, nyingi za Japani 1:24, na wanaopenda kubadilisha magari huchukua injini ya seti moja wakaiweka katika nyingine. Tofauti ni asilimia 4, na hakuna anayeiona. Lakini waya wa plagi, ambao kwa kipimo cha 1:24 unapaswa kuwa na unene wa thuluthi ya milimita, ukizidi ukafika milimita nzima, injini yote inageuka plastiki mbele ya macho yako.