Pini ya simu si hati ya kiwanja

Katika magrupu ya WhatsApp ya Bukavu unazunguka ujumbe wa siku nyingi: weka pini ya ramani kwenye kila pembe ya kiwanja, hifadhi picha ya skrini, na mpaka wako "umesajiliwa kwa setilaiti". Sivyo. Setilaiti ya GPS hurusha ishara tu. Haiandikishi ardhi ya mtu. Simu ya kawaida, mahali pa wazi, hukosea kama mita 5, na kando ya ukuta au chini ya mabati zaidi. Kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20, kosa hilo ni theluthi ya upana.

Jaribu mwenyewe: simama penye jiwe la mpaka, weka pini asubuhi, mchana na jioni, kisha pima umbali kati yake. Kinachochanganya watu ni tarakimu za mahali (latitudo na longitudo) ambazo simu huonyesha. Sita baada ya nukta zinaashiria sentimita 11, lakini wingi wa tarakimu si usahihi. Tena kwenye miteremko kama yetu, picha ya ardhi iliyo kwenye ramani yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali halisi.

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, haki juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili, na mipaka hupimwa na mpimaji wa kadasta, yaani idara ya serikali ya upimaji wa viwanja. Pini inafaa kumwelekeza fundi au mgeni, basi. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.