Nyumba New Hampshire, kazi Massachusetts

Kila msimu wa ritani za ushuru, swali linalofika mezani pangu hapa Lowell, Massachusetts, kuliko yote ni hili: "Nikihamia New Hampshire, nitaacha kulipa ushuru wa jimbo?" Wengi wanaouliza ni Wakenya wenzangu, wauguzi na wahudumu wa makao ya wazee, watu waliochoshwa na kodi za nyumba za huku. Wamesikia kwamba ukivuka mpaka tu hakuna ushuru wa mshahara wala wa mauzo. Ni kweli. Tena tangu 2025 hata ule wa riba na migao ya hisa umefutwa.

Mwezi wa pili alikuja dada mmoja, muuguzi msaidizi, ameona nyumba katika mji mdogo kupita Concord, mji mkuu wa New Hampshire: miti, uwanja mkubwa, watoto wapate pa kukimbia. Akaniwekea hati ya mshahara mbele yangu, kidole kwenye mstari wa Massachusetts. "Huu si utatoka?" Nikamwuliza kazi itakuwa wapi. "Hapa hapa Lowell."

Basi mstari hauondoki. Massachusetts hukata asilimia 5 ya mshahara uliopatikana ndani ya jimbo, ulale utakapolala. Atajaza fomu 1-NR/PY ya wasio wakazi, na kwa mshahara wa dola 60,000, baada ya misamaha ya kawaida, ni karibu dola 2,700 kwa mwaka. Siku unazofanyia kazi nyumbani kwako New Hampshire hazihesabiwi. Wakati wa korona zilihesabiwa, majimbo haya mawili yakavutana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2021 ilikataa kuisikiliza kesi. Kutohesabiwa siku hizo humfaa mtu wa kompyuta. Mgonjwa hageuzwi kitandani kwa njia ya intaneti.

Na msijaribu kukodi sanduku la posta Nashua, upande wa New Hampshire, huku mmebaki Lowell. Ukiwa na makao ya kudumu Massachusetts na ukakaa humo zaidi ya siku 183 kwa mwaka, wewe ni mkazi. Ukihama, hama kweli: leseni ya udereva na usajili wa gari ndani ya siku 60, na tarehe ya kuhama uiandike.

Kinachowashtua watu ni ushuru wa nyumba. New Hampshire huendesha shule zake kwa sehemu kubwa kwa ushuru huo, na kila mji una kiwango chake kwa kila dola 1,000 za thamani. Nyumba ya dola 400,000 kwenye mji wa dola 22 ni dola 8,800 kila mwaka, uwe na kazi au huna. Miji yenye ziwa na nyumba za likizo za matajiri mara nyingi huwa nafuu zaidi. Kwa hiyo piga simu ofisi ya mji wenyewe, usishike wastani wa jimbo.

Halafu kuna kijiji chenyewe. Hakuna basi la kukupeleka zamu ya usiku, kwa hiyo mume na mke ni magari mawili. Joto la nyumba hutoka kwenye tangi la mafuta la galoni 275 lililo chini ya nyumba, na Januari hulinyonya haraka. Maji taka yana tangi lake, la kunyonywa kila baada ya miaka michache kwa pesa zako. Maji ya kunywa ni ya kisima, na miamba ya huko hutoa aseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha. Jimbo limeweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa lita kwa maji ya umma, nusu ya kile cha serikali kuu, lakini kisima chako hakuna anayekikagua ila wewe. Nawasihi wenye watoto wadogo: pimeni kabla ya kununua.

Nilimshauri yule dada atafute kazi upande ule kwanza, maana hapo ndipo zile dola 2,700 zinabaki mfukoni kweli. Leseni ya muuguzi msaidizi aombe mapema kwa bodi ya uuguzi ya New Hampshire, kabla ya zamu ya kwanza.

Juzi amenipigia: hospitali moja ya huko imemchukua. Chupa za maji ya kisima ziko maabara. Nimemwambia asitie sahihi mpaka majibu yarudi.