Kwa nini masale ya sebuleni yanaungua ncha hapa Arusha

Mteja akiingia kitaluni kwangu na jani la masale (dracaena) mkononi, swali ninalijua: "Mbona ncha zinakauka na maji nampa kila siku?" Kwa Arusha, mshuku wa kwanza ni hayo maji yenyewe.

Chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, aina ya chumvi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo hiyohiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya maeneo yetu yanapita hapo mbali sana. Mizizi ikishayanyonya maji hayo, floraidi inasafiri hadi mwisho wa jani. Maji yanatoka kama mvuke, yenyewe inabaki na kurundikana. Ndiyo maana ncha na kingo zinaungua huku katikati ya jani kukiwa kijani kizuri tu.

Masale ni miongoni mwa mimea inayoumia upesi. Ndiyo, masale haya haya ya Wachaga, ya mpakani na ya kuombea msamaha! Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Mchaga, mvua inausafisha udongo. Kwenye chungu hakuna wa kuusafisha.

Kuchemsha maji hakusaidii, kunaongeza tatizo, kwani maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Kinga mvua. Acha ile ya kwanza ioshe bati, kisha weka pipa chini ya gata na ulifunike vizuri, usije ukafuga mbu. Mbolea za fosfeti ziache, nyingi zina floraidi. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Chungu kiwe na matundu chini, hilo sijadili na mtu.

Kuhusu mwanga, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kwa walio mjini dirisha linalotazama Meru ndilo linalopata. Mnanaa uweke hapo. Masale yasogeze ndani kidogo, jua kali linayababua.

Juni hadi Agosti, baridi na mawingu vikitanda, punguza maji. Zamisha kidole, kikitoka na udongo uliolowa, ondoka.

Ncha iliyokwisha kuungua hairudi. Ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ubakize ukingo mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu nzima. Dalili ya kupona itafute kwenye majani mapya, si haya.