"Vijana hawapendi pikipiki" na visingizio vingine vya matamasha yanayopungua watu

Kila klabu inayoniita niisaidie kufufua tamasha lake hunipokea kwa sentensi ileile, mara nyingine hata kabla sijavua helmeti: vijana wa siku hizi hawapendi pikipiki, wanashinda kwenye simu. Msemaji huwa ni mwenyekiti au mweka hazina, mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, na husema kwa huzuni ya kweli, kwa hiyo simcheki. Ila nimechoka. Sentensi hiyo imegeuka cheti cha kifo kinachoandikiwa tamasha ambalo bado linapumua, na anayekiandika ndiye aliyepaswa kulipeleka hospitali.

"Vijana hawapendi pikipiki"

Tuanze na umri, maana hapo kuna ushahidi. Nchini Marekani chama cha watengenezaji na wauzaji wa pikipiki, Motorcycle Industry Council, kimekuwa kikiwachunguza wamiliki kwa miongo kadhaa. Mwaka 1990 umri wa kati wa mmiliki, yaani ule ambao nusu ya wamiliki wako chini yake na nusu juu yake, ulikuwa miaka 32. Mwaka 2018 ulikuwa 50. Mwenyekiti akiziona namba hizi hupiga meza: si nilikwambia!

Asubiri kwanza. Kati ya vipimo hivyo viwili imepita miaka 28, lakini umri umepanda kwa 18 tu. Aliyekuwa na miaka 32 mwaka 1990 alitimiza 60 mwaka 2018. Kama asingeingia mtu mpya hata mmoja, umri wa kati ungekuwa unabisha hodi kwenye sitini. Haukufika huko. Maana yake wapya walikuwa wakiingia muda wote, ila hawakutosha kuziba pengo la kundi kubwa lililoingia pamoja na sasa linazeeka pamoja. Kundi hilo ndilo lililojaza viwanja vya matamasha miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Watoto wao walikuwa wamekua, pesa ilikuwepo, na mkopo wa kununulia pikipiki kubwa haukuwa kazi kuupata. Kisha mgogoro wa fedha wa 2008 ukakausha mikopo. Mauzo ya pikipiki mpya Marekani, ambayo mwaka 2006 yalivuka milioni moja, yalikuwa yameanguka kwa karibu nusu kufikia 2009. Kijana wa miaka 25 wa wakati ule hakuikataa pikipiki. Hakukopeshwa, na alipopata ya kwake baadaye ilikuwa ndogo, iliyokwisha kutumika, na hakuwa na klabu ya kumpeleka popote.

Hapo ndipo mwenyekiti huniuliza: basi wako wapi? Wako kwenye mambo ambayo hayakuanzishwa na wewe. Mwaka 2012 huko Sydney, Mark Hawwa alianzisha Distinguished Gentleman's Ride: watu wanavaa suti, wanapanda pikipiki za mtindo wa zamani, wanachangisha fedha kwa ajili ya afya ya wanaume. Leo hufanyika siku moja katika nchi zaidi ya 100. Huhitaji hema, huhitaji likizo ya siku tatu, huhitaji kadi ya uanachama, na jioni uko nyumbani kwako. Mwaka huohuo mjini Biarritz, Ufaransa, kukazaliwa Wheels and Waves, inayochanganya pikipiki zilizoundwa upya kwa mikono na mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi ya bahari. India Bike Week ilianza Goa mwaka 2013. Yote matatu yameanza baada ya mwaka ambao klabu nyingi husema ndipo "mambo yalipoharibika".

Sasa chukua ratiba ya tamasha lako uisome kwa macho ya mtu wa miaka 19. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria za leseni zilizoanza kutumika Januari 2013, daraja A2, la pikipiki za nguvu ya kati, lina kikomo cha kilowati 35, na kwenda moja kwa moja kwenye leseni ya pikipiki isiyo na kikomo kwa kawaida kunasubiri miaka 24. Uingereza, mwanafunzi mwenye cheti cha mafunzo ya msingi anaruhusiwa pikipiki isiyozidi cc 125, na haruhusiwi kugusa barabara kuu za magari ya kasi (motorway). Ratiba yako inasema: Jumamosi saa tatu asubuhi, msafara wa kilomita 250, kupitia barabara kuu ya aina hiyo. Kijana huyo hata akitaka, sheria haimruhusu. Umemfungia mlango halafu unamlaumu kwa kutoingia.

Haya, tuseme amefika. Ni msichana wa miaka 22, ana cc 125, katokea kilomita arobaini. Langoni kuna meza, nyuma ya meza kuna wanaume watatu wanaofahamiana tangu ujana. Swali la kwanza: "Klabu gani?" Anasema hana. Kalamu inasimama, kwa sababu fomu ina nafasi ya jina la klabu na mratibu hajui aandike nini. Wanaandika kistari. Anapewa bangili ya karatasi na kuonyeshwa uwanja kwa kidole. Uwanjani mahema yamepangwa kiklabu, kila moja na bendera yake, na meza za chakula vivyo hivyo. Anazunguka vibanda, anaangalia pikipiki, hakuna anayemuuliza ya kwake inakwendaje. Jioni zinatolewa zawadi: klabu iliyoleta wanachama wengi zaidi, aliyetoka mbali zaidi, mpanda pikipiki mwenye umri mkubwa zaidi, mwanachama aliyehudhuria miaka mingi mfululizo. Pitia orodha hiyo polepole. Hakuna kikombe hata kimoja ambacho mtu anayekuja peke yake kwa mara ya kwanza, kutoka karibu, akiwa kijana, anaweza kukipata. Kila zawadi inawatunza wale ambao wangekuja hata bila zawadi.

Mwakani haji. Mwenyekiti anasema: unaona, vijana hawapendi pikipiki. Wakati alikuja! Alikuja kwa pikipiki!

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ninaourudia hadi watu wananiepuka, ni swali moja kwenye fomu ya langoni: je, ni mara yako ya kwanza? Na mwaka unaofuata: je, ulikuja mwaka jana? Jumla ya watu haikuambii kitu. Tamasha la watu 800 ambalo wapya ni 20 liko taabani kuliko la watu 300 lenye wapya 90 ambao nusu yao hurudi. Klabu nyingi hazina namba hizo kabisa, lakini zinajua kwa kichwa ni bia ngapi ziliuzwa.

Ushauri wa pili ni kumweka langoni mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kupokea wasio na klabu: awaonyeshe pa kupiga hema, awakabidhi kwa meza fulani, awakutanishe wao kwa wao. Asiwe mwenyekiti. Wa tatu ni msafara wa pili, mfupi, wa njia za ndani, unaokwenda mwendo wa pikipiki ndogo, wenye kiongozi anayesubiri kwenye kila njia panda. Nimeambiwa mara nyingi kwamba huo ni "msafara wa watoto". Wazee wenye magoti mabovu ndio huwa wa kwanza kujiandikisha.

"Zamani tulikuwa mara mbili ya hawa"

Inawezekana. Pia inawezekana unalinganisha mwaka wa kawaida na mwaka wa sherehe. Tamasha la pikipiki la Sturgis, huko South Dakota, Marekani, lilianza mwaka 1938 kwa juhudi za klabu ya Jackpine Gypsies, na mbio za kwanza zilikuwa na washindani tisa. Mwaka 2015, lilipotimiza mara ya 75, mji ulikadiria watu wapatao 739,000. Mwaka 2016 makadirio yalikuwa kama 448,000. Ukichora mstari kati ya miaka hiyo miwili pekee, umepoteza watu wanne katika kila kumi, na mstari wako unasema miaka michache baadaye hakutabaki mtu. Mwaka 2021 makadirio yakapita tena nusu milioni. Mji wenyewe una wakazi kama 7,000. Miaka inayoishia na 0 au 5 huvuta waliokuwa wakisema "ipo siku nitakwenda", na wakishakwenda, wamekwenda.

Halafu kuna suala la nani alihesabu na alihesabu nini. Kifaa cha barabarani huhesabu vyombo vinavyopita. Anayelala kambini nje ya mji na kuingia kila asubuhi anahesabiwa kila asubuhi, na lori la barafu linahesabiwa pamoja naye. Kwa matamasha madogo ni hatari zaidi, maana namba ya zamani mara nyingi ni ya mdomo, na namba ya mdomo huongezeka kila ikisimuliwa. Tafuta vishina vya tiketi. Vikikosekana, acha kulinganisha.

"Intaneti imetuua"

Nusu kweli. Zamani ulikwenda tamashani kupata kipuri adimu, kumpata fundi anayeijua injini yako, kuona modeli mpya kwa macho, kujua nani kahamia wapi. Hayo yote sasa yanapatikana ukiwa umekaa. Tamasha lililokuwa soko limepoteza wateja, na halitawapata tena kwa kuongeza vibanda vya fulana. Lakini kipo kisichopatikana kwa simu, yaani barabara nzuri unayopita na watu, na mtu anayeinama kando ya pikipiki yako kusikiliza mlio ambao wewe umeshindwa kuueleza. Matamasha ninayoyaona yakikua huwa na mafundi wanaofundisha jambo moja kwa saa moja, kwa mfano kurekebisha mnyororo au kubadilisha pedi za breki, wanafunzi wakiwa na spana mkononi. Bei yake ni turubai na meza.

"Tuleteni bendi kubwa"

Hapana. Bima, vibali, vyoo, jenereta, walinzi: gharama hizo hazipungui sana watu wakipungua, ndiyo maana upungufu wa theluthi unauma kama upungufu wa nusu. Ukiongeza bendi juu yake, umepandisha kiingilio kwa ajili ya watu waliokuja kusikiliza muziki na wasiojua tofauti ya klachi na kaba. Wataondoka na bendi. Ninawaambia wapunguze usiku mmoja na wabaki na pesa. Na mashindano ya kuchoma matairi, yaani kuzungusha gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa imesimama hadi tairi lifuke moshi, tukiwa hapohapo: moshi, kelele, malalamiko ya majirani, na mwakani kibali kinakuwa kigumu. Hilo nalipinga popote ninapoitwa, na sijali nani ananuna.

"Ni hali ya hewa"

Elefantentreffen, mkutano wa wapanda pikipiki wa Ujerumani, ulianza mwaka 1956 na hufanyika katikati ya majira ya baridi. Watu hulala kwenye mahema juu ya theluji, wengi wamekuja na pikipiki zenye kiti cha pembeni, wanakoka moto na kupika. Hatujadili zaidi.

"Wanawake huja kama abiria tu"

Katika uchunguzi uleule wa Marekani, wanawake walikuwa asilimia 14 ya wamiliki mwaka 2014 na asilimia 19 mwaka 2018. Kundi gani lingine kwenye kitabu chako cha uanachama limekua kwa kasi hiyo? Wengine hawakusubiri: Babes Ride Out ilianza California mwaka 2013 ikiwa mkutano wa wanawake pekee, wanaopanda wenyewe. Kwako wewe anza na vitu vidogo. Vyoo vyenye taa na kufuli. Fulana za saizi zao. Na shindano la fulana iliyoloweshwa maji, kama bado lipo kwenye ratiba, lifute leo, usisubiri kikao.

"Korona ndiyo iliyotumaliza"

Iliwaondoa watu wa kujitolea, hilo nakubali. Waliokuwa wakisimamia lango kwa miaka walipumzika msimu mmoja au miwili wakagundua kupumzika ni kutamu. Lakini kusimama peke yake hakuui tamasha. Daytona, tamasha la pikipiki la Florida, Marekani, ilisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kurudi mwaka 1947, na bado ipo. Tamasha ambalo halikurudi baada ya korona mara nyingi lilikuwa linabebwa na watu watano, na kati yao watatu walikuwa wameshasema huu ni mwaka wa mwisho.

"Tarehe yetu ni ya jadi, haiguswi"

Iliwekwa na mtu fulani kwa sababu fulani, kwa kawaida kwa vile mwenye uwanja alikuwa na nafasi wikiendi hiyo. Wakati ule labda mlikuwa peke yenu. Sasa angalia kalenda: ndani ya mwendo wa saa tatu kutoka kwako kuna matamasha mengine mawili wikiendi hiyohiyo, yote yanalia kwamba watu wamepungua, yote yanagombania wapanda pikipiki walewale. Wapigie simu. Gaweni wikiendi. Anayekataa kusogea wiki mbili mpe ratiba ya msafara wake mkuu akaikague, huku fomu ya langoni ikibadilishwa: toa "jina la klabu" kwenye mstari wa kwanza, weka "mara ya kwanza: ndiyo / hapana".