Mwani Sugu wa Bwawa: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Wiki mbili za masika zilitosha. Bwawa la mjomba wangu kule Nyali, ambalo mwezi Machi ungeiona shilingi chini kabisa, lilikuwa kijani kama mchicha uliosagwa, na kwenye ngazi kumetapakaa vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga. Kijana anayelitunza alikuwa ameshamwaga klorini mara tatu. "Dawa za siku hizi hazina nguvu, kaka," akaniambia.

Hiyo ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayowamaliza watu pesa. Dawa ilikuwa nzima. Kilichoilemaza ni maji yenyewe. pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ikiwa 7.5, takriban nusu ya klorini huwa katika hali inayoua mwani kwa nguvu. Ikipanda kufika 8, hubaki robo au pungufu. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na pH haikawii kupanda. Kipimo cha mjomba kilisoma 8.2. Tukaishusha kwanza hadi 7.3 kwa asidi, pampu ikizunguka, na klorini hatukuigusa mpaka siku ya pili.

Wengine huimwaga saa sita mchana, wakidhani jua linaisaidia. Jua la Mombasa huila: klorini isiyo na kinga hupoteza nusu yake kwa muda usiofika saa moja. Tia baada ya magharibi. Kinga yenyewe, asidi ya sayanuriki, inatosha ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Vidonge vingi vya klorini vimetiwa kinga hiyo ndani, nayo haivukizwi na jua, kwa hiyo anayetegemea vidonge mwaka mzima huirundika majini mpaka klorini ikalegea. Hapo hakuna njia ila kupunguza maji na kuongeza mapya.

Kupunguza, si kumwaga yote. Bwawa tupu baada ya masika linaweza kusukumwa juu na maji ya ardhini likapasuka, na vile vidoa vyeusi vitakungoja palepale ukutani.

Hivyo vidoa watu huviita uchafu. Ni viumbe hai, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, wamejifunika utando mzito na kushika ndani ya vitundu vya plasta. Klorini hupita juu yao tu. Niliingia na brashi ya waya, nikapiga magoti kwenye ngazi ya pili na kusugua kidoa kimoja kimoja hadi kikatoa wingu jeusi kama wino wa ngisi. Kazi hiyo haina mbadala. Waya ni wa plasta tu. Bwawa la faibaglasi lisugue kwa brashi ya nailoni.

Na mrututu, ile salfeti ya shaba? Unaua mwani, kweli, lakini shaba yake hubaki majini, hupaka kuta madoa na haichukui kazi ya klorini dhidi ya vijidudu. Chumvi ya gunia haisaidii kitu: mwani huota baharini, utauogopeshaje kwa chumvi? Mabwawa ya chumvi yana mtambo unaoigeuza chumvi kuwa klorini.

Baada ya kusugua, tulipiga hesabu. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.5, ni lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita kulihitaji gramu 740 hivi za klorini ya chembechembe ya asilimia 65. Maji hutangulia kwenye ndoo, dawa hufuata. Na hapa nakusihi: usichanganye chembechembe na vidonge kwenye chombo kimoja, huwaka moto, usikutanishe klorini na asidi, hutoa gesi ya sumu.

Tulirudia kila jioni, pampu usiku na mchana, filta ikioshwa kila geji yake ya presha ilipopanda. Siku ya nne maji yaling'aa na watoto wakakimbilia taulo. Nikawazuia. Maji meupe si dalili ya kupona. Pima klorini usiku, pima tena kabla jua halijachomoza: ikishuka zaidi ya miligramu 1, kuna kitu hai bado kinaila. Siku ya sita ilishuka nusu miligramu tu. Tukasubiri irudi kwenye 3, ndipo wakaruka.