Kabla ya kupaka krimu kwenye choa, soma tyubu

Wagonjwa wengi wa fangasi ninaowaona kliniki huwa wameshapaka kitu, na mara nyingi ni ile krimu ya mchanganyiko ya duka la dawa: dawa ya fangasi, antibaotiki na steroidi ndani ya tyubu moja. Muwasho unatulia upesi, mtu anaona amepona. Kumbe steroidi imeifanya ngozi iache kupambana, na fangasi wanatanuka kimyakimya. Akiacha kupaka, muwasho unarudi kwa nguvu, na ukingo wa duara la choa umeshafutika kiasi kwamba hata mtaalamu anasita. Kinenani ndiko kunakoniuma zaidi, kwa sababu ngozi ya pale huwa nyembamba na kubaki na michirizi isiyoondoka. Tafadhali geuza tyubu usome. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, hizo ni steroidi, irudishe.

Choa ambacho hakijachezewa hujitambulisha chenyewe. Fangasi wake hula keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi, na husogea kuelekea nje huku katikati pakianza kupona. Kwenye ngozi nyeusi usihangaike kutafuta wekundu. Angalia ukingo wa kahawia iliyokolea au wa kijivu, kisha pitisha kidole: pembeni pameinuka na panakwaruza kwa magamba, katikati ni laini zaidi.

Dawa ya kuanzia ni klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4. Oga, jikaushe vizuri, kisha paka hadi sentimita 2 nje ya ukingo, maana fangasi wameshafika mahali ambapo jicho bado halioni kitu. Alama zikiisha, endelea wiki moja au mbili. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaweka tyubu kabatini mara tu muwasho unapokwisha. Terbinafini ya krimu huchukua muda mfupi zaidi, wiki 1 hadi 2.

Kitunguu saumu kilichopondwa na maji ya betri vinaunguza ngozi, achana navyo. Kila mtu nyumbani awe na taulo lake. Mwenye fangasi wa miguu avae soksi kabla ya chupi, asije akawapandisha hadi kinenani.

Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa krimu, kwani fangasi wamejichimbia ndani ya unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Mkiwashwa usiku nyumba nzima, hasa katikati ya vidole, huo ni upele, na dawa yake ni nyingine. Baka lililopauka, lisilowasha na lenye ganzi ukiligusa, lipeleke hospitali wiki hiyohiyo lipimwe ukoma. Dawa zake ni bure.